Kifua cha mbuzi mezani: namna ya kuandaa, kupanga na kutambua mbavu na pingili zake

Kila muhula maswali ni yale yale. "Ubavu huu ni wa ngapi?" "Nitajuaje kama ni wa kulia au wa kushoto?" "Mbona mifupa yangu imegeuka manjano na inanuka?" "Kidari changu kimeachana vipande vipande, nimekosea wapi?" Wanaouliza ni wanafunzi wa afya ya mifugo wa mwaka wa kwanza, na siku hizi hata walimu wa baiolojia wa sekondari wanaotaka mifupa halisi ya kuonyesha darasani. Wengi wametoka Arua, Busia, Kasese na Moroto, hapa Uganda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Kwa hiyo nimeyaweka yote hapa, kuanzia buchani hadi mifupa isimame mezani.

Nimechagua mbuzi kwa makusudi. Hapatikani kwa shida, kifua chake kinaingia kwenye sufuria moja kubwa, na hesabu ya mbavu zake ni ile ile ya ng'ombe na kondoo: jozi 13. Ukimjua mbuzi vizuri, ng'ombe hatakusumbua.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote. Mifupa ya kifua ikishachanganyika hufundisha kidogo sana. Mguu una mfupa mmoja wa paja, huwezi kuukosea. Kifua kina mbavu 26 zinazofanana kama ndugu, na pingili 13 za mgongo zinazobadilika polepole, moja baada ya nyingine. Weka alama kwanza, sufuria baadaye.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kifua kizima cha mbuzi mkubwa, pamoja na pingili ya mwisho ya shingo (nitaeleza kwa nini) na pingili ya kwanza ya kiuno
- Kisu kidogo chenye makali na kingine butu cha kukwangulia
- Glavu na aproni
- Makopo mawili au matatu ya soda yaliyokwisha tumika, msumari na uzi wa nailoni: hivi ni vya alama
- Waya mwembamba wa kufungia nondo, na kipande cha waya mnene au fimbo ya chuma ya kupita katikati ya mgongo
- Mifuko miwili ya wavu, ile ya vitunguu
- Sufuria ya zamani ambayo haitarudi jikoni tena
- Sigiri na mkaa, au jiko lolote ambalo moto wake unaweza kuupunguza
- Ndoo za plastiki na jerikeni la maji
- Sabuni ya unga na sabuni ya kuoshea vyombo
- Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayouzwa famasi kwa kuoshea vidonda
- Gundi nyeupe ya mbao, kekee yenye ncha nyembamba, na sapatu kuukuu ya sponji
- Kipande cha mbao au boksi nene, na pini

Simu yenye kamera pia. Picha utakazopiga katika hatua ya 3 zitakuokoa katika hatua ya 8.

Maneno machache ya kujua

Majina ya Kilatini utayakuta kwenye kitabu chako. Hapa natumia ya Kiswahili.

Kifua ni tundu lenye kuta tatu za mifupa: juu *pingili* za mgongo, pembeni *mbavu*, chini *kidari*. Ubavu una *kichwa*, kisha *shingo*, kisha *kinundu*, halafu *mwili* mrefu uliopinda, na mwisho *gegedu* (sehemu laini isiyo mfupa mgumu) inayoelekea kidarini. Kichwa hukaa kwenye kikombe kidogo kilichofanywa na pingili mbili zilizokutana. Kinundu hukaa kwenye mkono wa pembeni wa pingili moja tu.

Mbuzi ana mbavu za kweli jozi 8, ambazo gegedu zake zinafika kidarini zenyewe. Jozi 5 za nyuma ni mbavu za uongo: gegedu zake huegemeana na kufanya *upinde wa mbavu*, ule ukingo unaoupapasa nyuma ya kifua. Hesabu hii si amri. Mara chache utakutana na mnyama mwenye ubavu mmoja zaidi au pungufu, na huyo si mgonjwa.

Hatua ya 1: Zungumza na mchinjaji siku moja kabla

Usiende buchani saa nne asubuhi ukidhani utapata kifua kizima. Saa hiyo panga limeshapita. Mchinjaji hupasua kidari katikati ili kutoa mapafu na moyo, na mbavu hukatwa kwa ajili ya mchuzi au muchomo (nyama ya kuchoma). Nenda mapema, machinjioni kwenyewe ukiweza (Kampala wenyewe huita lufula), mweleze unachotaka na umlipe bei ya kifua kizima. Mwambie wazi: kidari kisipasuliwe, matumbo yatolewe kwa nyuma, na mapafu na moyo yavutwe kupitia tundu la kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo.

Omba mbuzi mkubwa aliyemaliza kubadilisha meno yote ya mbele ya taya la chini, yaani wa takriban miaka 4 na kuendelea. Kwa mbuzi mdogo, vifuniko vya mbele na nyuma vya kila pingili havijaungana na mwili wake, na ukichemsha vitabanduka kama sarafu. Hapo una vipande 26 zaidi vya kutafutia makao.

Chukua kifua pamoja na pingili ya mwisho ya shingo. Wengi huiacha, kisha hawaelewi kwa nini ubavu wa kwanza hauna mahali pa kukaa. Kichwa cha ubavu wa kwanza hukaa kati ya pingili ya 7 ya shingo na pingili ya 1 ya kifua. Ukiiacha shingoni, umeacha nusu ya kikombe.

*Onyo:* tumia mbuzi aliyechinjwa na kukaguliwa na afisa wa mifugo. Mnyama aliyejifia, usimpasue, hata kama ni wa bure na hata kama mwenyewe anakuhakikishia kwamba aling'atwa na nyoka. Mzoga uliovimba haraka, unaotoka damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni, unaweza kuwa na ugonjwa wa kimeta. Mwaka 2023 kimeta kilizuka wilayani Kyotera, na kuna watu waliopoteza maisha. Mbegu za kimeta hukaa ardhini miaka mingi, na kumpasua mnyama wa namna hiyo ni kuzipanda uani kwako. Mpigie simu afisa wa mifugo, usiuguse mzoga.

Hatua ya 2: Ondoa nyama

Anza na mabega. Inua mguu wa mbele, kata misuli iliyo kati ya mfupa wa bega na mbavu, na mguu wote utatoka bila kukutana na kiungo hata kimoja cha mfupa. Simama hapo kidogo uangalie. Mbuzi hana mtulinga kama wetu. Kifua chake kinaning'inia kati ya miguu miwili kwa misuli peke yake, kama machela. Wanafunzi wengi husoma jambo hili na kulipita. Wakilikata kwa mkono wao hawalisahau.

Nyama utakayoitoa sasa, kabla ya dawa yoyote, ni chakula kizuri, usiitupe. Kata kwa kufuata urefu wa ubavu. Ukikata kwa kukingama, kisu kitaacha mikwaruzo ambayo baadaye mtu atadhani ni sehemu ya mfupa.

Nyama iliyo kati ya mbavu iache kwanza. Ndiyo inayoshika mpangilio. Lakini kabla hujaendelea, funua ukingo wa nyuma wa ubavu mmoja kwa upande wa ndani. Utaona mshipa wa damu na neva vikitembea pamoja, vimejificha kwenye mfereji wa ubavu. Kwa sababu hiyo daktari wa mifugo anayetaka kutoa maji kifuani hupitisha sindano mbele ya ubavu. Akiipitisha nyuma yake atachoma mshipa.

Hatua ya 3: Hesabu, weka alama, piga picha

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ninayoililia. Mbuzi wangu wa kwanza nilimchemsha bila alama. Nilikaa karibu wiki mbili nikizipanga mbavu zile, na bado nilikuja kugundua baadaye kwamba mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Kata kopo la soda vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Toboa tundu la uzi, kisha andika namba kwa kugonga vidoti na ncha ya msumari. Kalamu itafutika kwenye maji moto, karatasi italowa, lakini vidoti vya msumari vitabaki.

Sasa, upande. Usiandike K, kwa maana kulia na kushoto vyote vinaanza na K. Usiandike L ya kulia pia, kwa sababu vitabu vya Kiingereza hutumia L kwa kushoto, na mwenzako atakayekuja kuusoma ubavu huo mwakani atapotea. Mimi hukunja pembe moja ya kibati kwa mbavu za kushoto, na za kulia naziacha bila kukunja. Chagua utaratibu wako, uandike ukutani.

Hesabu kuanzia nyuma kwenda mbele, kisha uhesabu tena kuanzia mbele kwenda nyuma. Zikikutana kwenye 13 pande zote mbili, funga alama. Uzi uzunguke shingo ya ubavu, kati ya kichwa na kinundu, hautateleza. Kuhesabu kutoka nyuma ni mazoezi ya kazi yako ya kesho pia: mnyama akiwa hai, mbavu za mbele zimefunikwa na bega, hivyo unapotafuta nafasi fulani kati ya mbavu unaanza na ubavu wa mwisho unaoupapasa.

Piga picha upande wa kulia, wa kushoto, juu, chini, na moja ukitazama ndani kutoka mbele.

Hatua ya 4: Tenganisha sehemu tatu

1. Kidari. Angalia mahali mfupa wa ubavu unapoishia na gegedu kuanza. Mfupa una wekundu, gegedu ni nyeupe yenye kung'aa. Pitisha kisu hapo hapo. Kidari kitoke kikiwa kizima na gegedu zake zote.
2. Mbavu. Kata nyama ya katikati, kisha shika ubavu mmoja, kata kano zinazozunguka kinundu na kichwa, uuzungushe polepole. Usiuvunje kwa nguvu. Kichwa cha ubavu ni kidogo na shingo ni nyembamba.
3. Pingili. Kabla hujaziachanisha, pitisha waya kwenye tundu la ugwe mgongo (kamba ya neva inayopita ndani ya pingili) kutoka mwanzo hadi mwisho, ufunge kitanzi kila upande, kwa mbele ufunge kibati. Pingili zitaachana zenyewe kwenye maji moto lakini zitabaki zimetungwa kama shanga, kwa mpangilio wake.

Ugwe mgongo wenyewe utoe kwanza, kwa kusukuma kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya waya.

Mbavu za kushoto ziingie mfuko mmoja wa wavu, za kulia mfuko mwingine. Hata alama ikikatika, utakuwa umepoteza namba bila kupoteza upande.

Hatua ya 5: Loweka, kisha chemsha kwa moto mdogo

Loweka kila kitu kwenye maji baridi usiku mzima, ukibadilisha maji yakiwa mekundu. Damu ikiingia kwenye moto kabla ya kutoka itaacha madoa ya kahawia ambayo hata peroksaidi huyashindwa.

Asubuhi weka mbavu na pingili kwenye sufuria, maji yafunike kabisa, ongeza kijiko cha sabuni ya unga. Moto uwe mdogo kiasi cha maji kutetemeka bila kububujika. Kwenye sigiri, funika mkaa kwa majivu. Tazama baada ya saa moja na nusu, kisha kila nusu saa. Nyama ikivutika kwa vidole, toa. Kwa mbuzi mzima mara nyingi ni saa mbili hadi nne. Kwangua mabaki kwa kisu butu na mswaki wa zamani wakati mifupa bado ina joto.

*Onyo:* usiiache sufuria ikichemka kwa nguvu ukaenda zako. Mifupa itakuwa laini juu na yenye vitundu kama mkate, na mafuta yatapenya ndani badala ya kutoka.

Kidari hakiingii kwenye sufuria. Kimefanywa kwa vipande vya mfupa sita au saba vilivyoshikwa na gegedu, na gegedu ikichemka sana huyeyuka. Kisafishe kwa mkono, ukitumbukize kwenye maji moto kwa dakika chache tu ili nyama iliyobaki ilegee, ukikwangue, basi.

Kuna njia nyingine isiyohitaji moto: kuloweka kwenye ndoo ya maji kwa wiki kadhaa hadi nyama ioze na kuachia. Mifupa hutoka mizuri kuliko ya kuchemsha, nakubali. Lakini harufu yake ni kali mno, na kama unakaa kwenye muzigo (vyumba vya kupanga vilivyoungana), pua kwa pua na majirani, usijaribu. Ukijaribu, usifunge mfuniko hadi mwisho. Gesi inahitaji pa kutokea.

Hatua ya 6: Toa mafuta

Mfupa ulio safi kwa macho bado una mafuta ndani. Loweka kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, badilisha maji kila siku au kila baada ya siku mbili. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, bado. Mbavu huchukua siku chache. Miili ya pingili huchukua muda zaidi kwa sababu ndani ni kama sponji. Vumilia hapa. Karibu kila mfupa wa manjano ninaoletewa ili nilaumiwe ulikosa wiki moja ya sabuni.

Usitumie petroli. Najua inatoa mafuta haraka. Najua pia kwamba sigiri iko mita mbili kutoka hapo.

Hatua ya 7: Fanya nyeupe na kausha

Tumia ndoo ya plastiki. Mimina peroksaidi, ongeza maji kidogo tu ikiwa haitoshi kufunika mifupa, acha kwa siku moja, tazama, suuza. Mfuniko usibane.

Usitumie dawa ya kupausha nguo. Itafanya mfupa uwe mweupe leo, na baada ya miezi kadhaa uso wake utaanza kupukutika kama chokaa ya ukuta wenye unyevu.

Kausha kivulini, mahali pa upepo, juu ya kitu ambacho mbwa hafiki. Jua kali la mchana hupasua mbavu kwa urefu. Kidari na gegedu zake kilaze kwenye mbao, kila gegedu ikunje inavyostahili kwa kufuata picha, kisha izungushie pini kulia na kushoto ili isijikunje inapokauka. Itasinyaa kidogo hata hivyo.

Hatua ya 8: Panga, na hapa ndipo unapojifunza

Weka alama zako kando. Funika vibati kwa mkanda wa karatasi, changanya mbavu mezani, ujaribu kuzipanga kwa macho. Kisha ufunue ujisahihishe.

*Kulia au kushoto?* Shika ubavu wima, kichwa juu. Tafuta mfereji upande wa ndani, ule uliobonyea. Uko karibu na ukingo wa nyuma. Geuza ukingo huo ukuelekee wewe, kana kwamba umesimama nyuma ya mbuzi mkitazama wote mbele. Upande uliobonyea ukielekea mkono wako wa kulia, huo ni ubavu wa kushoto. Ukielekea mkono wa kushoto, ni wa kulia. Rudia mara kumi. Baadaye mkono utajua wenyewe.

*Ni wa ngapi?* Ubavu wa 1 hauchanganyi mtu: mfupi, mnene, karibu umenyooka. Kutoka hapo mbavu zinarefuka hadi nyuma kidogo ya katikati, kwenye wa 8 au wa 9, kisha zinaanza kufupika. Urefu peke yake utakudanganya, kwa sababu ubavu wa 5 na wa 12 wanaweza kukaribiana. Tazama shingo. Mbavu za mbele zina shingo ndefu, kichwa na kinundu viko mbali. Ukienda nyuma vinasogeleana, hadi kwenye mbavu za mwisho vinakaribia kuwa kitu kimoja. Kisha tazama mpindo na upana wa mwili: za mbele zimenyooka zaidi na zimepanuka kuelekea chini, za nyuma ni nyembamba na zimepinda.

*Pingili, mbele ni wapi?* Pingili nyingi za kifua zina mwiba mrefu unaolala kuelekea nyuma. Kama mwiba haukusaidii, tazama viuso vya kuungana: vya mbele vinatazama juu, vya nyuma vinatazama chini. Na mwili wa pingili umevimba kidogo mbele, umebonyea kidogo nyuma.

*Pingili, ya ngapi?* Miiba ya mbele ndiyo mirefu, inajenga lile bonge la juu kati ya mabega. Inapungua polepole ukienda nyuma, na pingili za mwisho zina mwiba mfupi, mpana, uliosimama, unaofanana na wa kiuno. Pingili ya 13 ina kikombe cha ubavu upande wa mbele lakini nyuma haina, kwa sababu baada yake hakuna ubavu. Hii ndiyo alama ya uhakika kuliko zote.

Mwisho, oanisha. Ubavu huchukua namba ya pingili iliyo *nyuma* ya kichwa chake. Ubavu wa 6 umeketi kati ya pingili ya 5 na ya 6, na kinundu chake kinagusa ya 6. Ukilijua hili, swali la mtihani la "ubavu huu unaungana na pingili zipi" halitakupiga tena.

Hatua ya 9: Simamisha

Kata vidonge vya sponji kutoka kwenye sapatu kuukuu, unene wa milimita 2 au 3, ukubwa wa mwili wa pingili. Tunga kwenye fimbo ya chuma: pingili, sponji, pingili, sponji. Sponji inashika nafasi ya gegedu iliyoyeyuka; bila hiyo mgongo utakuwa mfupi na mbavu zitabanana. Fimbo ipinde kidogo kwa kufuata picha yako.

Toboa kichwa na kinundu cha kila ubavu kwa kekee nyembamba, na ufunge kwa waya kwenye pingili. Anza na jozi ya 1 na jozi ya 8. Hizo zikikaa sawa, kidari kina pa kuning'inia, na nyingine zitafuata. Ukianza na ubavu wa 1, wa 2, wa 3 kwa mfululizo, kosa dogo la mwanzoni litakuwa kubwa ukifika mwisho. Gundi ya mbao inatosha kuunganisha gegedu na mbavu. Gundi kali ya sekunde inakauka kabla hujarekebisha.

Kikishasimama, weka mkono ndani. Moyo ulikuwa hapo chini, kati ya ubavu wa 3 na wa 6 hivi. Kiwambo kilijitokeza mbele kama bakuli lililogeuzwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyuma ya kizimba hiki haikuwa na mapafu kabisa. Ilikuwa na ini na matumbo. Kwa ng'ombe, tumbo la pili limelala nyuma tu ya moyo, linatenganishwa nao na kiwambo. Ndiyo maana kipande cha waya alichomeza malishoni kinaweza kumfikia moyoni.

Wanyama wengine

Ng'ombe: jozi 13, 8 za kweli, kama mbuzi, ila ubavu wake ni mpana na bapa, na nafasi kati ya mbavu ni finyu. Mpini wa mbele wa kidari chake umeungana na sehemu nyingine kwa kiungo kinachocheza, nguruwe pia. Kwa ng'ombe wa nundu, mara nyingine utakuta ncha za miiba ya pingili zimegawanyika mara mbili.

Nguruwe: kwa kawaida jozi 14 au 15, 7 za kweli, na hesabu hubadilika kati ya mnyama na mnyama, hivyo usishangae.

Mbwa na paka: jozi 13, lakini 9 ni za kweli, na jozi ya mwisho inaelea bila kuegemea kitu. Kwa mbwa, pingili ya 11 ndiyo ambayo mwiba wake umesimama wima. Nyuma yake miiba inageuka kuelekea mbele.

Farasi na punda: jozi 18. Kwa wenye punda kule Kapchorwa na Karamoja, kuhesabu hadi 18 ni kawaida.

Ngamia, ambaye wenzetu wa Amudat wanamfuga, ana jozi 12 tu, mwili wake mkubwa wote ule.

Kuku mwache kwa siku nyingine. Mbavu zake ni jozi 7, nyingi zina sehemu mbili za mfupa badala ya gegedu, na pingili kadhaa za kifua zimeungana kuwa fupa moja.

Mambo yakienda kombo

*Nina mbavu 27.* Kwanza hakikisha huo wa ziada si mkono wa pingili ya kwanza ya kiuno. Ni bapa, umenyooka na hauna kichwa. Kama kweli una kichwa na kinundu, mbuzi wako ana ubavu wa 14 upande mmoja. Uandike hivyo kwenye kibati, usiutupe.

*Nina mbavu 25.* Chuja maji uliyoyamwaga. Kama hukuyachuja, angalia ndani ya nyama uliyoikata hatua ya 4. Ubavu wa 13 mara nyingi huondoka na nyama ya ubavuni.

*Mifupa inanuka baada ya kukauka.* Mafuta, au ugwe mgongo uliobaki. Rudi hatua ya 6, na upitishe brashi kwenye tundu la kila pingili.

*Manjano yanarudi baada ya mwezi.* Mafuta tena. Peroksaidi haitoi mafuta, inayafunika tu. Loweka upya kwenye sabuni.

*Kidari kimeachana.* Kilichemshwa. Panga vipande kwa kufuata picha: mpini mwembamba mbele, vipande vinavyopanuka nyuma. Katikati weka sponji ya sapatu, pitisha waya. Ile gegedu pana kama jani ya nyuma ukiipoteza, ikate kutoka kwenye ngozi nene au plastiki ya jerikeni.

*Gegedu zimejikunja kama majani makavu.* Zilikaushwa bila pini. Zilowekwe kwenye maji baridi hadi zilegee, zibane upya, zikaushwe polepole.

*Kinundu cha ubavu hakigusi pingili.* Umeuweka ubavu kwenye pingili ya mbele yake. Usogeze nyuma hatua moja, na ukague wenzake wote waliofuata, kwa sababu kosa hili halikai peke yake.